Unataka kusoma masta ya theolojia? Mwongozo kamili, kuanzia kuomba chuo mpaka kurudi kwenye huduma

Bwana asifiwe wapendwa. Hii naiandika kwa wachungaji, wainjilisti, watawa, viongozi wa vijana, na hata wale wenye digrii zao za ualimu au uhasibu ambao moyo unawasukuma kwenda kusoma theolojia ngazi ya masta. Maswali huwa ni yale yale, chuo gani, ada shingapi, nianzie wapi, na majibu mengi yanaishia kwenye "omba tu, Mungu atafungua njia". Kuomba ni lazima, ila kuna kazi ya kufanya pia na hiyo ndo nataka tuipitie hatua kwa hatua.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Masta ya theolojia haiwezi kuwa ya mimbarini tu. Mchungaji anaitwa kwenye msiba, anakaa kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa, anaitwa kamati ya amani ya wilaya, uchaguzi ukikaribia redio ya mkoa inampigia simu atoe neno, na watu wanafuata anachosema. Baada ya yale ya msitu wa Shakahola kule Kilifi, Kenya, mwaka 2023, zaidi ya miili 400 ikafukuliwa, wengi wakiwa watu waliofundishwa kufunga mpaka kufa, sioni mtu anawezaje tena kusema mafunzo ya mhubiri ni jambo la ndani ya kanisa peke yake. Rwanda wao walishatunga sheria 2018 kwamba wanaosimamia taasisi za dini wawe na shahada ya mambo ya dini na wakatoa muda wa miaka 5 watu wajipange. Ukubali au ukatae namna walivyofanya, swali la nani anafundishwa nini limeshatoka nje ya ukumbi wa kanisa.

Hatua ya 1: Andika maswali ya watu wako kabla hujagusa fomu ya chuo

Hii ndo hatua inayorukwa na wengi na mimi naona ndo inayobeba zote zinazofuata. Chukua daftari, miezi miwili mitatu, andika maswali watu wanayokuletea kweli. Usiandike yale unayodhani wanapaswa kuuliza, andika yale wanayouliza wakikusindikiza getini. Mama anauliza mwanawe kafa kwa ajali akiwa hajabatizwa itakuwaje. Kijana anauliza kama mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa, ni dhambi ya anayekopesha au ya anayekopa. Mzee anauliza amfanye nini jirani anayesemwa ni mchawi maana vijana wa kijiji wameanza kukusanyika usiku. Binti ana miaka 16 wazazi wanataka ndoa ifungwe kanisani kwa sababu ana mimba. Mgombea kaleta bahasha ya ujenzi anataka dakika tano za kusalimia ibadani.

Ukiwa na maswali kama 30 hivi yapange kwenye mafungu. Utaona mengine yanahitaji Biblia na lugha zake, mengine yanahitaji maadili na sheria, mengine ushauri wa kichungaji, mengine historia ya kanisa, mengine uelewa wa dini nyingine. Hapo ndo unajua unatafuta programu gani. Mtu ambaye maswali yake mengi ni ya wagonjwa na wafiwa akienda kuchukua masta ya Agano la Kale kwa sababu tu chuo kina jina, atasoma vizuri na atafaulu, ila akirudi usharikani watu watakuwa wanamsubiri na maswali aliyowaacha nayo.

Hatua ya 2: Elewa shahada zenyewe, maana zinachanganywa sana

M.Div (Master of Divinity) ndiyo shahada ya kumwandaa mtu kwa huduma kwa upana wake, kwa kawaida miaka 3, inachukua Biblia, lugha, historia, theolojia ya mfumo, mahubiri, uchungaji, maadili na fildi, yaani mafunzo kwa vitendo. Inamfaa hasa mtu mwenye digrii ya fani nyingine, mwalimu au mhandisi ambaye hajasoma theolojia kabisa. M.A. ya theolojia au ya eneo fulani ni fupi zaidi, mara nyingi miaka 2, unachimba sehemu moja. M.Th. (Master of Theology) ni ya mtu ambaye tayari ana B.D., yaani digrii ya kwanza ya theolojia, au M.Div na anataka kwenda ndani kitaaluma, mara nyingi ndo daraja la kwenda PhD. D.Min (Doctor of Ministry) ni udaktari wa mtu aliye kazini, unaanzia kwenye huduma unayofanya na unaishia na mradi kwenye huduma hiyo hiyo. Kwa Wakatoliki kuna ngazi za kipapa, bakalaurea ya theolojia, halafu lisensia, halafu udaktari, na hizo zina taratibu zake kupitia askofu au mkuu wa shirika.

Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "nasoma masta ya theolojia" muulize ipi, maana huyu anaweza kuwa anaandaliwa kuongoza usharika na mwingine anaandaliwa kufundisha chuoni, na ni mara chache shahada moja inafanya yote mawili vizuri.

Hatua ya 3: Ithibati kwanza, jina la chuo baadaye

Ithibati ni idhini rasmi ya chuo na masomo yake, na kila nchi ina mamlaka inayoitoa: Tanzania ni TCU, Kenya ni CUE, Uganda ni NCHE. Ingia kwenye tovuti yao, angalia chuo kimo, halafu angalia PROGRAMU imo, kwa sababu chuo kinaweza kuwa kimesajiliwa na hiyo masta unayoitaka bado haijaidhinishwa. Kwa vyuo vya kiinjili kuna pia ACTEA, chombo cha bara zima cha ithibati ya elimu ya theolojia, kipo tangu miaka ya 1970, hicho kinakusaidia ukitaka kuendelea mbele kwenye vyuo vya kanisa nchi nyingine.

Swali la pili la ithibati watu wanalisahau: je kanisa lako linaitambua? Kuna dayosisi hazimbariki mtu kuwa mchungaji bila kupita chuo chake, hata ungekuja na masta ya wapi. Nenda kaulize ofisi ya katibu mkuu wa dayosisi au makao makuu ya kanisa lako, uliza kwa maandishi, ujibiwe kwa maandishi.

Na hawa wanaokupigia simu kwamba umeteuliwa kupewa udaktari wa heshima, ulipie tu joho na ukumbi, achana nao jamani. Hela hiyo lipia ada ya semista. Watu wetu wanatuamini tunapojitambulisha kwa cheo fulani, na kusimama mbele yao na cheo cha kununua ni kuwadanganya ndani ya nyumba ya Mungu.

Hatua ya 4: Kuchagua chuo

Sitaweza kutaja vyote, nataja vichache ninavyoviona vina sura tofauti ili uone namna ya kulinganisha.

Chuo Kikuu cha St. Paul's cha Limuru, Kenya, ni cha zamani mno, ilianza 1903 Frere Town pale Mombasa, mahali walipokaa watu waliokombolewa kutoka utumwani, ikahamia Limuru 1930 na ikapata hati ya kuwa chuo kikuu kamili 2007. Ni ya kiekumene, Waanglikana, Wapresbiteri na Wamethodisti wamekaa darasa moja miaka mingi, na wana masomo ya uhusiano wa Wakristo na Waislamu pamoja na kituo chao Eastleigh. Kama unahudumu Pwani, Zanzibar, Ujiji, Tabora, popote ambapo jirani yako mlango wa pili anaenda msikitini, hilo somo si la ziada.

Africa International University iliyopo Karen, Nairobi, ilianza 1983 kama NEGST, ni ya kiinjili, nguvu yake M.Div, lugha za Biblia na kazi ya kutafsiri Biblia. Ilikuwa ndoto ya Byang Kato, Mnaijeria aliyefia Mombasa 1975 kabla hajaona jengo hata moja. Hekima, Nairobi hapo hapo, ni ya Wajesuiti, ya 1984, na 2004 wakaanzisha taasisi ya masomo ya amani na uhusiano wa kimataifa, hiyo naipenda kwa mtu anayetaka kazi ya upatanishi. Tangaza kule Lang'ata ni ya mashirika ya kitawa. Huku kwetu Makumira, pale Usa River barabara ya Arusha Moshi, Walutheri wanafundisha wachungaji hapo tangu 1954. Uganda, kule Mukono, wana UCU, chuo kikuu cha Waanglikana, iliyotokana na chuo cha Bishop Tucker cha 1913. Wanaosoma Kifaransa wana chuo kikuu cha ULPGL cha Goma na kile cha Kiprotestanti cha Kinshasa, vyote Kongo.

Ukishapata vitatu vya kulinganisha usiishie kwenye brosha. Omba orodha ya kozi na omba mtaala wa kozi mbili, ya maadili na ya uchungaji. Soma wanasomesha nini kuhusu ardhi, rushwa, afya ya akili, unyanyasaji wa watoto, vyombo vya habari. Uliza fildi ni saa ngapi na nani anasimamia. Kama jibu ni "utapangiwa kanisa Jumapili" bila supavaiza aliyefundishwa, hiyo ni sababu tosha ya kuangalia kwingine. Halafu tafuta wahitimu wawili wa hicho chuo, waulize kitu kimoja tu, ulitumia nini cha darasani wiki iliyopita.

Kuhusu kwenda nje, wengi wanauliza Marekani na Ulaya. Wapo waliokwenda na wakarudi na matunda. Askofu Josiah Kibira wa Bukoba alisoma Ujerumani na Boston, akaja kuwa Mwafrika wa kwanza kuongoza Shirikisho la Kilutheri Duniani kuanzia 1977. Nyambura Njoroge, mwanamke wa kwanza kubarikiwa uchungaji katika PCEA, kanisa la Kipresbiteri la Afrika Mashariki, mwaka 1982, udaktari wake ni wa Princeton. Lakini kwa ngazi ya masta ya huduma mimi nashauri usome karibu na watu utakaowahudumia, halafu nje uende kwa udaktari ukiwa umeshajua unatafuta nini. Ukiamua Marekani, hakikisha chuo kina ithibati ya ATS, chombo cha huko cha vyuo vya theolojia, elewa kwamba viza ya mwanafunzi, F-1, inataka uonyeshe hela ya kukaa kabla hujaondoka, na kazi unayoruhusiwa ni ya ndani ya chuo kwa saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Aliyekwambia utajilipia ada kwa vibarua huko anakupoteza.

Hatua ya 5: Hela, na familia

Bajeti ya wengi inakosewa kwa sababu wanaandika ada peke yake. Andika ada, usajili, bima ya afya, malazi, chakula, vitabu na fotokopi, laptop na bando, nauli ya kurudi nyumbani angalau mara mbili kwa mwaka, gharama za utafiti mwaka wa mwisho, na joho. Halafu upande wa pili andika nyumbani wanakula nini wakati wewe hupo. Mshahara unaendelea au unasimama? Nyumba ya usharika familia inabaki au inampisha mchungaji mwingine? Watoto shule?

Haya ongea na mwenzi wako kwanza kabla ya askofu. Nimeona ndoa za watumishi zikichoka kwa sababu mmoja aliletewa habari ikiwa imeshaamuliwa, na yeye ndo anabaki na watoto, mashamba, wageni wa kanisa na maswali ya watu.

Vyanzo vya hela ni dayosisi yenyewe, ushirikiano wa makanisa ya nje na dayosisi yako, mfuko wa chuo, na harambee ya usharika. Kama dayosisi inakusomesha kutakuwa na mkataba wa kurudi kutumikia miaka kadhaa, usome huo mkataba kila mstari, uliza ukiugua inakuwaje, ukishindwa kumaliza inakuwaje, ukihamishwa inakuwaje. Na harambee ya usharika iendeshwe na kamati, hela iingie akaunti ya usharika na ilipwe chuoni moja kwa moja, siyo kwenye simu yako, hata kama wewe ni mwaminifu kiasi gani. Hiyo inakulinda.

Akina mama watumishi, niwaambie jambo. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) lilikubali kubariki wanawake kuwa wachungaji mwaka 1990, na toka 1989 kuna umoja wa wanatheolojia wanawake wa Afrika ulioanzia Ghana chini ya Mercy Amba Oduyoye. Bado ruzuku nyingi zinaanza na mwanaume kwenye orodha. Omba kwa jina lako, usisubiri kupendekezwa.

Hatua ya 6: Maombi ya chuo na insha ya wito

Andaa transkripti, vyeti vilivyothibitishwa, barua mbili au tatu za wanaokujua, moja iwe ya mwalimu wako na nyingine ya kiongozi wako wa kanisa, na uwaombe mapema, mwezi mzima kabla, uwape na kumbukumbu za ulichofanya ili waandike kitu chenye nyama.

Insha ndo inakwamisha wengi. Wanaandika hivi: "Tangu utotoni nimekuwa na wito mkubwa wa kumtumikia Mungu na naamini chuo chenu kitanijenga." Hamna kosa hapo ila hamna mtu pia, anayesoma maombi 100 hataikumbuka. Linganisha na hii: "Usharika wetu una kikundi cha vicoba cha akina mama. Mwaka jana watatu kati yao walichukuliwa vitanda na masufuria na watu wa mikopo, na mmoja akaniuliza kama Biblia inasema chochote kuhusu riba. Nilimsomea Kutoka 22:25, akauliza sasa nifanyeje Jumatatu. Nataka kusoma maadili ya kijamii kwa sababu ya hiyo Jumatatu." Umeona? Huyu wa pili ana watu, ana andiko, ana swali, na kamati inajua itamfundisha nini. Daftari lako la hatua ya 1 ndo linakuandikia insha.

Hatua ya 7: Kusoma kwenyewe

Mwezi wa kwanza utashtuka na wingi wa kurasa. Usisome kitabu kama unavyosoma Biblia ya asubuhi, neno kwa neno. Soma utangulizi, soma hitimisho, soma yaliyomo, halafu amua sura mbili za kusoma kwa makini. Baada ya kila kitabu andika ukurasa mmoja kwa Kiswahili, mwandishi anadai nini, anathibitisha kwa nini, mimi nakubali wapi nakataa wapi. Kwa Kiswahili nimesema makusudi, maana utasoma kwa Kiingereza au Kifaransa na utahubiri kwa Kiswahili, na usipozoea kulivusha wazo mapema utarudi na mahubiri ambayo nusu yake hayashiki.

Kigiriki, lugha ya Agano Jipya, kinatisha watu bure. Agano Jipya lina maneno tofauti kama 5,400, lakini yale 300 hivi yanayotokea mara 50 na zaidi yanabeba karibu asilimia 80 ya maandishi yote. Maneno 10 kwa siku, siku 5 kwa wiki, wiki 6 umeyamaliza. Andika kwenye vikaratasi, weka mfukoni, soma kwenye daladala. Kiebrania ni hivyo hivyo ila kinataka subira zaidi kwenye vitenzi.

Asaimenti zako zielekeze kwenye mafungu yako ya maswali kila unaporuhusiwa kuchagua mada. Mwalimu wa historia akisema chagua mada, chagua kanisa lilifanya nini wakati wa njaa au vita kwenye eneo lako. Baada ya miaka miwili unakuta asaimenti zako zimeshika maswali nusu ya daftari.

Hatua ya 8: Fildi, na hapa tukae kidogo

Kama kuna sehemu moja ya kutobania muda ni hii. Mafunzo ya uchungaji wa hospitali, wengi tunayaita CPE, yalianza Marekani miaka ya 1920, na kwa mfumo wao yuniti moja, yaani awamu moja ya mafunzo, ni saa 400, sehemu kubwa wodini na nyingine kwenye kikundi na supavaiza. Huku kwetu hospitali ya KCMC ya Moshi imefundisha wachungaji kwa njia hii kwa miaka mingi. Ukipata nafasi ichukue hata kama hutaki kuwa mchungaji wa hospitali.

Chombo chake kikubwa ni verbatimu. Unamtembelea mgonjwa, ukitoka unaandika mazungumzo yote kama yalivyokuwa, bila jina lake, halafu kikundi kinayasoma. Mfano wa namna yanavyokuwa:

Mch: Shikamoo mama, unaendeleaje?
Mgonjwa: Marahaba baba mchungaji. Hivyo hivyo. Usiku sijalala.
Mch: Pole sana. Bwana yupo pamoja nawe. Tuombe?
Mgonjwa: (kimya) Haya baba.

Mistari minne tu. Supavaiza anauliza, aliposema sijalala ulisikia nini? Kwa nini maombi yalikuja hapo, ni yeye aliyehitaji au ni wewe uliyetaka kutoka? Ule ukimya ulikuwa wa nini? Kikundi kinakaa saa nzima kwenye hiyo mistari. Pengine mama hakulala kwa maumivu, pengine ni bili, pengine ni mtoto aliyemwacha nyumbani na mlevi. Maombi yaliyokuja kabla ya swali yalimfunga mdomo. Hakuna mtihani wa darasani unaokufundisha hilo, na ukishalijifunza wodini unalipeleka msibani, unalipeleka kwenye baraza la ndoa, unalipeleka hata kwenye kikao na mkuu wa wilaya.

Fildi ya pili iwe nje ya kanisa kabisa. Omba gereza, kituo cha msaada wa sheria, dawati la jinsia, redio jamii, au shirika linaloshughulika na ardhi. Unahitaji kukaa mahali ambapo hakuna anayekuita mtumishi na kazi ni ile ile ya watu.

Hatua ya 9: Kujiandaa kusimama mbele ya jamii

Historia ipo na ni yetu. Kenya miaka ya 1980 askofu David Gitari alihubiri kifungu kwa kifungu, andiko likawa ndilo linalofika kwenye unyang'anyi wa ardhi na kura ya mlolongo ya 1988, ambapo wapiga kura walipanga mstari hadharani, na Aprili 1989 nyumba yake ikavamiwa usiku. Wengine ni askofu Henry Okullu wa Maseno Kusini, askofu Alexander Muge aliyekufa kwa ajali ya barabarani 1990, na mchungaji Timothy Njoya aliyepigwa hadharani Saba Saba ya 1997, siku ya maandamano ya kudai mageuzi. Desemba 1999 viongozi wa dini mbalimbali, Wakristo, Waislamu na Wahindu, wakakaa pamoja Ufungamano House jijini Nairobi kudai katiba mpya. Uganda askofu mkuu Janani Luwum aliuawa Februari 1977. Soma hotuba na barua zao kwa makini kama unavyosoma mababa wa kanisa. Utagundua wote walikuwa wamejiandaa, walijua andiko na walijua mambo ya nchi.

Sasa mazoezi. La kwanza, hudhuria mikutano ya umma kama mwananchi. Tanzania mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kufanyika angalau kila miezi 3 na hapo mapato na matumizi yanasomwa, kaa nyuma, sikiliza, andika nani anaongea na nani hapewi nafasi. Kenya kuna vikao vya wananchi kuhusu bajeti za kaunti. La pili, jifunze sheria zinazokugusa moja kwa moja. Tanzania, Sheria ya Ndoa ya 1971 inaipa nafasi baraza la usuluhishi, na baadhi ya mabaraza hayo ni ya kidini, kwa kawaida mahakama haipokei shauri la talaka bila hati ya baraza kwamba usuluhishi umeshindikana. Maana yake sahihi yako pale ina uzito wa kisheria, na kumwambia mama anayepigwa "rudi ukavumilie" si ushauri wa kiroho tu, unaweza kumfungia mlango wa mahakama. Na yule binti wa miaka 16, Mahakama Kuu ya Tanzania 2016 na Mahakama ya Rufani 2019 zilisema vifungu vinavyoruhusu ndoa chini ya miaka 18 ni kinyume cha katiba. Mchungaji anayefungisha ndoa anapaswa kulijua hilo.

La tatu, jifunze kuandika tamko la ukurasa mmoja. Nini kimetokea na umejuaje, nani ameumia, andiko linasemaje, unaomba nini, unamwomba nani, lini. "Tunaiomba serikali iangalie suala la maji" haimgusi mtu yeyote. "Tunamwomba mkurugenzi wa halmashauri asome mapato na matumizi ya mradi wa kisima kwenye mkutano ujao wa kijiji" hiyo ina mwenyewe, ina siku, na inajibika.

La nne ni bahasha ya mgombea. Amua ukiwa bado chuoni, maana siku ikifika ukumbi hauna bati na kukataa ni vigumu. Septemba 2021 Waanglikana wa Kenya walizuia wanasiasa kuhutubia ibadani, na Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi likakataa mchango wa rais na kutaka urudishwe. Mimi niko upande huo. Mwanasiasa aje aabudu, akae benchi kama wengine, atoe sadaka yake kwenye kikapu, na meza ya majadiliano iwekwe siku nyingine ambapo na wapinzani wake wamealikwa.

Hatua ya 10: Tasnifu

Rudi kwenye daftari, chagua swali MOJA ambalo unaweza kulijibu kwa muda na hela uliyonayo. "Kanisa na umaskini Afrika" ni bahari. "Wanavicoba wa sharika mbili wanaielewaje riba na mahubiri yanasema nini" hiyo unaimaliza. Ukihoji watu utahitaji kibali cha utafiti, Tanzania kinatoka COSTECH, Kenya NACOSTI, na chuo nacho kina kamati yake ya maadili, anza miezi kadhaa kabla. Usihoji waumini wako wewe mwenyewe kama unaweza kuepuka, watakuambia unachotaka kusikia. Ukimaliza andika muhtasari wa kurasa nne kwa Kiswahili uwasomee waliokupa majibu yao, ni haki yao.

Hatua ya 11: Kurudi

Miezi sita kabla ya kumaliza andika barua kwa dayosisi au kanisa, umesoma nini, unadhani unafaa wapi, uko tayari kwa nini. Usiposema, utapangwa penye upungufu tu, mtaalamu wa ushauri anapelekwa kuhesabu mifuko ya saruji. Kama ulisoma nje ya nchi peleka cheti chako mamlaka ya nyumbani kitambuliwe mapema, ukisubiri mpaka kazi itangazwe utachelewa.

Miezi ya mwanzo usibadilishe liturujia wala kuwasahihisha wazee wa kanisa hadharani. Sikiliza kwanza, tembelea jumuiya zote, jitambulishe kwa mtendaji wa kata, mwenyekiti wa mtaa, imamu wa msikiti wa jirani, mkuu wa kituo cha polisi na mganga mfawidhi wa zahanati, na ufanye hivyo kabla ya tatizo, siku ya tatizo mkutane mkiwa mnajuana. Na shika watu watatu wanne mliosoma pamoja, hata kama mko mikoa tofauti, mfungue kikundi cha WhatsApp cha kazi, tamko au mahubiri mazito yakitaka kutoka mmoja awatumie wengine wayapitie usiku kabla ya kusomwa asubuhi.